Elimuchenene: Mhadhara wa Uasisi kuhusu Mchimbaji wa Bonde la Kyela

Miongoni mwa viumbe vyote vilivyojaliwa makazi kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, hakuna hata kimoja kilichodhulumiwa na wasomi kama chenene, mdudu wa ukoo wa nyenje aishiye chini ya ardhi, kwa maana wataalamu wa dunia nzima wamekuwa wakimiminika ziwani humo kuhesabu samaki, ambao spishi zao ni mamia kwa mamia na wengi wao hawapatikani katika ziwa lingine lolote, huku wakimkanyaga chenene njiani bila hata kumwomba radhi. Ili kuifuta aibu hiyo, imelazimu kuasisiwa taaluma mpya iitwayo Elimuchenene, yaani maarifa yaliyopangwa kuhusu umbile, mwenendo na hadhi ya mdudu huyo, taaluma ambayo Mhadhiri wa mada hii ndiye bingwa wake wa kwanza na, mpaka maneno haya yanapokwenda mitamboni, ndiye bingwa wake wa pekee kutoka Kasumulu hadi Matema, cheo alichojitunuku mwenyewe baada ya upekuzi wa kina uliothibitisha kwamba hapakuwa na mtu mwingine mwenye sifa za kumtunuku.

Mhadhara umegawanywa katika sehemu sita, kwa kuwa tano zingeonekana chache na saba zingeashiria majivuno, nao unafungwa kwa maazimio, ambayo msikilizaji mwenye haraka anaombwa asiyarukie kabla ya kuelewa sababu zake.

Sehemu ya Kwanza: Mahali

Desturi ya wasomi ni kuanza na mahali kabla ya kumfikia mhusika, na desturi hiyo itafuatwa hapa kwa utiifu, hasa kwa sababu inawapa waliochelewa muda wa kutafuta viti. Bonde la Kyela ni uwanda tambarare ulio kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, katika mwinuko wa takribani mita 475 kutoka usawa wa bahari, ukiwa umepakana kaskazini na nyanda za juu za Rungwe, ambazo mlima wake unakaribia mita 3,000, mashariki na Milima ya Livingstone inayoshuka ghafla hadi kwenye mchanga wa Matema, na upande wa magharibi na Mto Songwe, ambao ndio mpaka wa Tanzania na Malawi. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani ikiwa imebeba mboji na udongo wenye majivu ya kale ya volkano, na inapofika uwandani, hasa masika yanapopamba moto mwezi Aprili, huutua mzigo huo nje ya kingo zake kwa ukarimu ambao wenye nyumba za jirani hawajawahi kuuomba.

Matokeo ya ukarimu huo ni udongo wenye sifa tatu, nazo ni kwamba ni laini, una unyevu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na hauna mawe mengi. Mtu wa kawaida akiutazama udongo huo huona mpunga wenye harufu nzuri, uliolifanya jina la Kyela litajwe sokoni hadi Dar es Salaam, tena huona kakao, migomba na michikichi. Lakini mwanaelimuchenene, ambaye jicho lake limenolewa, huona makazi ya mchimbaji, na kwa mantiki isiyoyumba hufikia uamuzi kwamba mito ile minne imetumikishwa maelfu ya miaka kwa ajili ya chenene, na kwamba mpunga ulikuja baadaye pamoja na wavamizi wake. Kina mama wa Kikisi wa Ikombe, mabingwa wa kufinyanga vyungu vinavyouzwa Matema, nao wanaweza kudai haki juu ya udongo wa ufuko huo, ila dai lao limeahirishwa, kwa sababu wao huutoa udongo wakaufanyia kazi nje, ilhali chenene huingia ndani yake, na katika taaluma kuingia ndani ya jambo ni daraja la juu zaidi, ingawa Mhadhiri mwenyewe, kutokana na matatizo ya mgongo, hajawahi kuingia.

Sehemu ya Pili: Umbile

Chenene ni wa oda ya Orthoptera, kundi kubwa linalowajumuisha panzi, nzige, senene na nyenje wa kawaida, na ndani ya kundi hilo yeye ana familia yake, Gryllotalpidae, yenye spishi takribani mia moja duniani. Anayejulikana zaidi Afrika kusini mwa Sahara huitwa na wanasayansi Gryllotalpa africana, jina alilopewa mwaka 1805 na Mfaransa Ambroise Palisot de Beauvois kutokana na mdudu aliyepatikana Oware, katika nchi ambayo leo ni Nigeria, tendo ambalo Elimuchenene inaliona kuwa la pupa, kwa kuwa mtu mwenye subira angengoja afike Kyela. Kwa muda mrefu jina hilo la Kiafrika lilibandikwa kila chenene aliyekamatwa kuanzia bara hili hadi Asia ya mashariki, mpaka mapitio ya Townsend ya mwaka 1983 yalipoonyesha kwamba africana halisi ni wa Afrika, na kwamba sehemu kubwa ya wale wa Asia ni spishi nyingine. Kwa hiyo taarifa nyingi za zamani kuhusu tabia za chenene wa Afrika zilikuwa, kwa hakika, taarifa za mtu mwingine, jambo ambalo halikuzuia kunukuliwa kwake.

Mdudu mwenyewe ana urefu wa sentimita tatu hivi na rangi ya hudhurungi, na mwili wake umefunikwa na vinyweleo laini vinavyozuia maji na matope yasimgande, kiasi kwamba anaweza kutoka kwenye tope la Aprili akiwa nadhifu kuliko ofisa aliyeshuka garini kulikagua. Nyuma ya kichwa ana gamba gumu la mviringo linalofunika sehemu ya mbele ya kifua, na gamba hilo ndilo analotumia kushindilia udongo pembeni anapopita, ili njia isimporomokee. Papasi zake ni fupi kuliko za nyenje wa juu ya ardhi, kwa sababu papasi ndefu shimoni ni usumbufu, na miguu yake ya nyuma haina nguvu za kuruka zinazowapa panzi sifa, kwa sababu anayekaa chini ya dari ya udongo akiruka ataumiza kichwa.

Utukufu wa chenene uko kwenye miguu ya mbele. Muundi wa kila mguu, yaani sehemu iliyo chini ya goti, umepanuka ukawa beleshi lenye meno manne magumu, na chini yake, kwenye vifundo vya unyayo, kuna meno mengine mawili yanayosogea juu ya yale ya kwanza, hivi kwamba mguu huohuo unaotawanya udongo unaweza pia kubana mzizi na kuukata. Wazungu walioliunda jina la Gryllotalpa walimfananisha na fuko wa kwao, anayechimba kwa mikono, na mfanano huo ni kielelezo cha kile kinachoitwa mageuko ya kukutania, maana yake hali ambapo viumbe wasio na undugu wa karibu huishia kuwa na viungo vinavyofanana kwa kuwa wamefanya kazi moja kwa muda mrefu. Mfanano huo, hata hivyo, hautumiki Kyela bila tahadhari, kwani fuko wa Afrika Mashariki, ambaye ni mnyama wa nasaba tofauti kabisa na yule wa Ulaya, huchimba kwa meno ya mbele, na mtu atakayemwita chenene fuko mdogo mbele ya mwenye shamba la mihogo ataulizwa maswali ambayo vitabu vya Ulaya havina majibu yake.

Masikio ya chenene nayo yako miguuni, moja katika kila muundi wa mbele, yakiwa ni viwambo vidogo vinavyotikisika kwa sauti. Wasiojua hulicheka jambo hilo, ilhali binadamu, mwenye masikio kichwani, bado hajatoa ushahidi wa kutosha kwamba mahali hapo panamsaidia kusikia.

Sehemu ya Tatu: Baragumu

Chenene hana nyumba moja bali ana mtandao. Zipo njia za mlalo zinazopita karibu na uso wa ardhi, ambazo hutumika kutafutia chakula na ambazo, udongo ukiwa mbichi, huinua juu yake mikunjo myembamba inayoonekana asubuhi; na zipo njia za kwenda chini, ambamo mdudu hujificha mchana na kukimbilia wakati wa ukame au baridi. Lakini dume, msimu wa kutafuta mwenza unapofika, hujenga chumba cha tatu kisicho cha kula wala cha kulala, nacho ni chumba cha kuimbia.

Chumba hicho kilielezwa kwa vipimo na Henry Bennet-Clark katika utafiti uliochapishwa mwaka 1970, uliomhusu chenene wa Ufaransa aliyempa jina la Gryllotalpa vineae, na kanuni zake ndizo zinazoeleza kazi ya madume wa jenasi hiyo wanaoimba kutoka shimoni. Dume huchimba baragumu, yaani njia inayoanza nyembamba na kupanuka kwa mkunjo maalumu hadi kwenye mdomo, na katika spishi ile ya Ufaransa midomo ni miwili iliyokaa sambamba. Ndani kabisa, mahali njia inapobana, kuna chumba cha mviringo, na kuta zote hulainishwa kwa uangalifu, kwa sababu ukuta wenye makovu hula sauti. Mwimbaji hukaa mahali panapobana na kusugua mbawa zake za mbele, ubawa mmoja ukiwa na mstari wa vijino na mwingine ukiwa na ukingo mgumu wa kuvikwaruza, na umbo la shimo hupokea mtikisiko huo na kuusukuma nje kwa namna ambayo mdudu aliye peke yake juu ya jani asingeweza kamwe. Sauti ya spishi hiyo ina masafa ya karibu kilohezi 3.5, husikika kwa binadamu umbali wa mita 600 usiku ukiwa umetulia, na takribani theluthi moja ya nguvu ya misuli inayotumika hugeuka kuwa sauti, kiwango kikubwa ajabu kwa mdudu. Mhadhiri hajapima ni sehemu gani ya nguvu inayotumika katika mihadhara ya binadamu huwafikia wasikilizaji, kwa kuwa matokeo yangeweza kuathiri ufadhili.

Kuna mambo mawili katika ujenzi huo yanayostahili kutazamwa kwa heshima. La kwanza ni kwamba dume haanzi kuimba mara tu amalizapo kuchimba, kwani uchunguzi uliofanyiwa jamaa zake wa Amerika umeonyesha kwamba hutoa kwanza milio mifupi ya majaribio, akarudi kukwangua na kulainisha, akajaribu tena, na kuendelea hivyo mpaka shimo na mbawa vipatane, ndipo anapofungulia wimbo wenyewe. Kwa lugha nyingine, chenene hutafiti kabla ya kuhutubu, mpangilio ambao Elimuchenene inaukiri kuwa wa kuvutia lakini usiotekelezeka katika kongamano la siku mbili. La pili ni kwamba dume huimba akiwa ameelekeza kichwa ndani ya shimo na sehemu ya nyuma nje, kwa hiyo hadhira yote hupewa mgongo, na bado hadhira huja. Mhadhiri amelichukua jambo hili kuwa uthibitisho kwamba kuwatazama wasikilizaji si sharti la ufasaha, na kuanzia hapa mhadhara unaendelea ukisomwa kuelekea ukutani.

Sehemu ya Nne: Ndoa na Malezi

Hadhira inayokusudiwa na wimbo ni jike, ambaye ana mbawa ndefu za nyuma zinazokunjwa wakati wa kuchimba na kukunjuliwa usiku, hasa baada ya mvua, anaporuka kuifuata sauti. Safari hizo ndizo zinazowaleta chenene kwenye taa za vibaraza, ambako huanguka kwa kishindo na kuanza kutambaa kwa mashaka, na ndizo zinazowafanya watu waamini kuwa wamemjua mdudu huyo, ilhali wamemwona akiwa amepotea.

Tafiti za T. G. Forrest nchini Marekani, zilizohusu chenene wenye asili ya Amerika Kusini, zimeonyesha kwamba majike huvutwa zaidi na dume mwenye sauti kubwa, na kwamba ukubwa wa sauti hutegemea pamoja na mambo mengine unyevu wa udongo, kwani shimo lililochimbwa kwenye udongo mbichi huimba vizuri kuliko lile la udongo mkavu. Hapo pana hekima ya kina, kwa sababu mayai ya chenene huhitaji unyevu ili yaanguliwe, na hivyo jike anayefuata sauti kubwa huwa hafuati mbwembwe bali anasoma ripoti ya ardhi, ambayo mwimbaji hawezi kuighushi bila kuwa na ardhi yenyewe. Kanuni hiyo isihamishiwe kwenye mikutano ya hadhara ya wanadamu, ambako ukubwa wa sauti hutegemea jenereta.

Jike hutengeneza chumba chini ya ardhi, akataga humo makumi ya mayai, na katika spishi kadhaa za jenasi hii hubaki kuyalinda na kuyalamba ili yasishikwe na ukungu, kazi inayofanyika gizani, bila wimbo, bila baragumu na bila mtafiti. Wanaoanguliwa huitwa tunutu, yaani wadudu wachanga wanaofanana na wazazi isipokuwa hawana mbawa, kwa kuwa chenene hapitii hatua ya buu na bundo kama kipepeo, bali hujivua ngozi mara kadhaa, kila mara akiongezeka ukubwa, na mbawa kamili hupatikana katika kujivua kwa mwisho. Huko Afrika Kusini, ambako G. africana amechunguzwa kwa kuwa anaharibu nyasi za viwanja vya michezo, imeonekana kwamba kizazi kimoja huchukua mwaka.

Tunutu hukaa karibu na mama kwa muda, kisha hutawanyika kila mmoja akachimbe kwake, na hapa Elimuchenene inalazimika kugusia kitabu cha Monica Wilson, Good Company, kilichochapishwa mwaka 1951 kutokana na utafiti wa miaka ya 1930 katika wilaya ya Rungwe, ambayo wakati huo ilijumuisha Kyela. Wilson alieleza jinsi wavulana wa Kinyakyusa walivyokuwa wakiondoka nyumbani kwa wazazi wangali wadogo, wapatapo miaka kumi hivi, na kujenga kijiji chao pamoja na wa rika lao, wakaishi humo kwa umoja mpaka utu uzima. Mhadhiri alikusudia kuthibitisha kwamba utaratibu huo ulitokana na chenene, na sura tatu za uthibitisho zilikwisha kuandikwa, kabla haijabainika kwamba tunutu wakikutana njiani, hasa wanapotofautiana kwa ukubwa, huweza kulana. Sura hizo sasa zimehifadhiwa kwa matumizi mengine.

Sehemu ya Tano: Chakula, na Swali la Mpunga

Chenene hula vitu vya aina mbili, yaani mimea na wanyama wadogo, kwa hiyo hukata mizizi, hutafuna mbegu zinazochipua, hutoboa viazi na karanga, na papo hapo hula minyoo na mabuu ya wadudu wengine, wakiwemo wale wanaomsumbua mkulima. Njia zake huingiza hewa ardhini na kuyapa maji ya mvua mahali pa kupenya, huduma ambayo haitozwi ada yoyote. Kwa mwanaelimuchenene mizania hiyo ni sawa kabisa. Kwa mkulima aliyeamka asubuhi akakuta miche yake imelala, mizania imeegemea upande mmoja.

Dalili za kazi ya chenene kwenye mpunga ni za wazi. Mche hugeuka manjano ukiwa peke yake kati ya wenzake walio kijani, na ukivutwa hutoka bila ukaidi kwa sababu mizizi imekatwa chini ya uso wa ardhi, huku kando yake kukiwa na mkunjo mwembamba wa udongo ulioinuliwa usiku. Madhara huwa makubwa pale mpunga unapokuwa kwenye udongo ulio mbichi lakini haujafunikwa na maji, kama vile kitaluni, au kwenye shamba lililopandwa mvua za mwanzo kisha mvua zikasita, kwa sababu hali hiyo ndiyo anayoipenda mchimbaji. Jaruba likijaa maji, mambo hubadilika, kwani chenene, ingawa ni mwogeleaji hodari kwa msaada wa vile vinyweleo vyake, hawezi kuishi katika njia zilizofurika, hivyo hulazimika kuzihama na kukimbilia kwenye tuta, ambako hujikuta amebanana na wenzake mahali pembamba, penye macho ya ndege na mikono ya watoto.

Kutokana na ukweli huo, wapo wakulima wanaoshikilia kwamba tatizo lote la chenene katika mpunga hutatuliwa kwa kusawazisha jaruba, kuziba matuta yasivuje na kuyashika maji kwa wakati, na wanaongeza kwamba atakaye kujua idadi ya chenene katika kitalu amwage tu maji yenye sabuni kidogo juu ya kipande cha ardhi, angoje dakika chache, na awahesabu wanapotoka kwa hasira. Mbinu hiyo ya sabuni inatumika kweli na watafiti katika nchi zilizoendelea, lakini Elimuchenene inaitilia mashaka inapofanywa na mkulima, kwa sababu inahitaji ndoo, maji na sabuni peke yake, vitu ambavyo haviwezi kuandikiwa pendekezo la mradi. Kuhusu maji yenyewe, hoja ya wakulima ina upungufu wa msingi, ambao ni kwamba inafanya kazi bila kueleza kwa nini, ilhali Elimuchenene inaeleza kwa nini bila kulazimika kufanya kazi.

Wengine wameuliza kwa nini chenene asiliwe, wakikumbusha kwamba Bukoba wana senene wao, kwamba katika mkoa wa Pampanga huko Ufilipino chenene hukaangwa na kuheshimiwa mezani, na kwamba ufuko huuhuu wa Nyasa una mapokeo yake, kwa kuwa visubi waitwao kungu, wenye jina la kisayansi Chaoborus edulis, hutoka ziwani kwa wingi unaofanya wingu lionekanalo kwa mbali kuwa moshi, wakakusanywa, wakafinyangwa kuwa mikate na kupikwa. David Livingstone, aliyesafiri ziwani humo mwaka 1861, aliuonja mkate huo na kuuandika katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1865. Hoja hiyo ni nzito, lakini imekataliwa, kwa sababu taaluma inayoruhusu mada yake kuliwa hubaki bila mada, na bingwa wake hubaki bila cheo.

Sehemu ya Sita: Maadui

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, wamesema wahenga, nao walisahau kuongeza kwamba mshindo nao una wageni wake, kwani wimbo uleule unaomleta jike unaweza kumleta adui. Amerika Kusini kuna nzi aitwaye Ormia depleta, ambaye jike wake husikia wimbo wa chenene dume, akaufuata hadi shimoni na kuacha hapo funza wanaomwingia mwimbaji na kumla kutoka ndani. Nzi huyo alipelekwa Florida katika miaka ya 1980, kwa sababu chenene wa Amerika Kusini walikuwa wamefika huko mwanzoni mwa karne ya 20 na kuharibu malisho na bustani. Kutokana na mfano huo Mhadhiri ameamua kwamba maswali baada ya mhadhara yapokelewe kwa maandishi.

Adui mwenye nidhamu kuliko wote ni nyigu wa jenasi ya Larra, ambao wamejifunga kuwinda chenene tu. Nyigu jike huingia shimoni, akamtoa chenene nje kwa fujo, akamchoma mwiba unaompoozesha kwa dakika chache, akabandika yai moja upande wa chini wa mwili wake, kisha akaondoka. Chenene huzinduka, akajiona mzima, akarudi shimoni na kuendelea kuchimba na kula kwa siku kadhaa akiwa amembeba mtoto wa nyigu anayemnyonya taratibu hadi ammalize. Maofisa waliowahi kusimamia miradi iliyoendelea kwa jina baada ya fedha zake kunyonywa hawatahitaji kuelezwa zaidi jinsi mnyama anavyoweza kuonekana yuko kazini hali amekwisha.

Juu ya ardhi wapo kwarara, ambao hupenyeza midomo yao mirefu kwenye udongo laini, wapo yangeyange wanaofuata jembe na maji, wapo bundi, mijusi na vyura, na dhidi ya hao wote chenene ana kinga moja ya kuaminika, nayo ni utomvu wenye kunata na kunuka anaoutoa kwenye tezi zilizo karibu na ncha ya tumbo. Kinga hiyo imefanyiwa tathmini ya kinadharia tu, na Mhadhiri anaridhika na nadharia.

Maazimio

Baada ya kuyapima yote yaliyosemwa, na kwa kuwa mhadhara wowote usiozaa maazimio huhesabiwa kuwa mazungumzo, Elimuchenene imeazimia mambo yafuatayo, ambayo yamepitishwa kwa kauli moja na mwanachama wake.

Kwanza, ianzishwe taasisi ya kudumu ya Elimuchenene, na makao yake yawe ufukoni Matema, kwa sababu za kisayansi zinazohusiana na upepo wa jioni, pamoja na ofisi ndogo ya uwandani karibu na majaruba, ambayo mkurugenzi ataitembelea kiangazi barabara zikiwa zimekauka, yaani katika majira ambayo chenene huwa ameshuka kwenye njia zake za chini na hatamsumbua mtu.

Pili, chenene dume apewe hadhi ya mwezeshaji wa heshima, kwa kuzingatia kwamba huandaa ukumbi wake mwenyewe, hujaribu vyombo kabla ya wageni kufika, haombi nauli, na hasemi lolote kuhusu udongo ambao hajauchimba. Isipokuwa asiruhusiwe kufundisha, kwa sababu hana cheti, na kwa sababu mfano wake ukizoeleka utawaweka wengi katika hali ngumu.

Tatu, jike atajwe katika ripoti ya mwaka chini ya kichwa cha habari kinachohusu shughuli nyinginezo.

Nne na mwisho, wakulima ambao wamekuwa wakimfukuza chenene kwa kusawazisha majaruba, kuziba matuta na kushika maji kwa wakati, wakifanya hivyo bila kibali cha mtaalamu yeyote na kuvuna mpunga wao kila mwaka bila kujua jina la Palisot de Beauvois, waruhusiwe kuendelea na utaratibu huo kwa muda, mpaka hapo utaalamu utakapowafikia.